Mtiririko au Msafara? Uhakiki wa Istilahi Moja ya Data kwa Kuitazama Modemu ya Setilaiti Mjini Goma

Katika mjadala mrefu wa istilahi za kompyuta, maneno mengi yamepigwa msasa hadi yakachubuka. Kompyuta, tarakilishi na ngamizi yalishindana kwa miaka mingi, kila moja likiwa na watetezi wake na vijembe vyake. Tovuti na wavuti nayo yaliwekwa mizanini. Neno mtiririko, hata hivyo, lilipita mlangoni bila kuulizwa jina. Leo msomaji wa maandishi ya teknolojia kwa Kiswahili hukutana na mtiririko wa data kana kwamba ni jambo lililokwisha kuamuliwa, na kitenzi kutiririsha kimekwisha kuhamia kwenye filamu, muziki na matangazo ya mpira. Yamkini halikupata upinzani wa maana kwa sababu ni neno zuri. Lina umbo la Kibantu, linatamkika bila taabu, na hata mtoto wa shule ya msingi analielewa. Wepesi huo wa kueleweka ndio unaolifanya listahili kuhakikiwa, kwa kuwa istilahi inayoeleweka upesi mno huweza kumzuia mtu asijue kwamba hajaelewa.

Kutiririka ni kazi ya maji ya kijito, ya machozi, ya jasho, ya damu. Kinachotiririka hakikatiki; kikikatika, husemwa kinadondoka. Aidha, hujiendea chenyewe kwa kufuata mteremko, bila mtu wa kukibeba. Na hakibadili sura: maji yaliyoingia mtaroni ndiyo yanayotoka. Wahakiki wa fasihi wanalijua neno hili kwa upande wao, maana wamezoea kuzungumzia mtiririko wa matukio katika riwaya, na ndio wa kwanza kuonyesha kwamba katika riwaya iliyosukwa vizuri matukio hayatiririki hata kidogo: hukatwa, hurudishwa nyuma, hufichwa na kutolewa kwa zamu. Ni ajabu kidogo kwamba watu hao hao wamekubali data itiririke.

Ili kulipima neno, inafaa kulipeleka mahali ambapo kosa lake lina gharama. Mji wa Goma, makao makuu ya Kivu ya Kaskazini, ni mahali pa namna hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, ni mji wa Waswahili kwa lugha, uliotengana na Kinshasa kwa zaidi ya kilomita 1,500 za misitu na barabara zisizopitika, na kwa hiyo ni mji ambao kwa muda mrefu ulizungumza na ulimwengu kwa kupitia angani. Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka mpaka kwa mamia ya maelfu katika siku chache na kipindupindu kikaanza kuwaua, habari za msiba huo zilitoka mjini kwa simu na mitambo ya setilaiti iliyoletwa na mashirika ya misaada na wanahabari. Pili, Goma imejengwa chini ya Nyiragongo. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava lililoko kileleni lilipasuka na kumwagika kwa kasi iliyokadiriwa kufikia kilomita 60 kwa saa karibu na mlima. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya kiwanja cha ndege na kuingia Ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena usiku, ikaua watu na kukomea pembezoni. Kwa mkazi wa Goma, basi, neno kutiririka si pambo la lugha. Mjini hapo kipo kitu kinachotiririka kwelikweli, kisichokatika na kisichomngoja mtu. Swali ni kama data ya modemu inafanana nacho.

Na ichukuliwe ripoti ya kurasa kumi iliyoandikwa katika ofisi mojawapo ya Goma yenye dishi uani. Ripoti hiyo haianzi safari ikiwa nzima. Kompyuta huikatakata kuwa pakiti, kila moja ikibeba anwani ya iendako, anwani ya itokako na namba ya zamu yake. Pakiti huingia katika modemu kwa waya, na humo hufungwa upya katika viunzi vinavyofaa njia ya angani. Hapo modemu hufanya jambo ambalo jicho la kwanza huliona ni wendawazimu: huzivuruga biti zote kwa kanuni maalumu inayojulikana na upande wa pili, ili pasiwepo mfululizo mrefu wa sifuri tupu au moja tupu utakaoupoteza mtambo wa kupokea. Kisha huongeza biti ambazo hazimo katika ripoti. Biti hizo za ziada hukokotolewa kutokana na zile za asili, na kazi yake ni kumwezesha mpokeaji kusahihisha makosa ya njiani bila kuomba kutumiwa tena. Katika njia yenye kelele nyingi, nusu nzima ya kinachorushwa huweza kuwa ni hizo za ziada.

Ndipo unapokuja ugeuzaji wenyewe, ambao ndio ulioipa modemu jina lake. Biti hazisafiri angani. Kinachosafiri ni wimbi la redio. Modemu hulikunja wimbi hilo kwa namna chache zilizokubaliwa. Katika mtindo mmoja uliozoeleka sana, wimbi huwa na awamu nne tu, na kila awamu husimama badala ya biti mbili: 00, 01, 10 au 11. Hivyo ripoti sasa imekuwa mfululizo wa mikao ya wimbi, kama ishara za mikono za mtu aliyesimama mbali, na hakuna herufi yake hata moja iliyobaki katika umbo lake. Wimbi hutoka kwenye modemu kwa waya mnene hadi kwenye kifaa kilichofungwa mbele ya dishi. Huko hupandishwa hadi masafa ya gigahezi 6 au 14 kwa kutegemea bendi, likakuzwa nguvu na kurushwa. Goma iko chini ya digrii mbili kusini ya ikweta, na setilaiti za mawasiliano za aina ya zamani hukaa juu ya ikweta hiyo hiyo. Kwa hiyo setilaiti ikiwa katika longitudo ya karibu, dishi la Goma hutazama juu sana, tofauti na madishi ya Ulaya yanayotazama upande. Mvua kubwa ikinyesha, wimbi la gigahezi 14 hufifia kuliko lile la 6, na hii ni sababu mojawapo iliyofanya madishi makubwa ya bendi ya chini kupendwa katika nchi za mvua nyingi licha ya bei yake.

Setilaiti yenyewe iko kilomita 35,786 juu. Hulipokea wimbi likiwa hafifu mno, hulishusha masafa, hulikuza na kulirudisha ardhini kwenye kituo kikubwa ambacho aghalabu hakiko Kongo wala Afrika. Huko kazi yote hufanywa kinyumenyume: wimbi hukunjuliwa, biti husahihishwa, mavurugo huondolewa, viunzi hufunguliwa, pakiti huachiwa ziingie katika mtandao wa nyaya. Kwenda na kushuka huko ni zaidi ya kilomita 71,000, na hata kwa mwendo wa mwanga huchukua karibu robo ya sekunde. Jibu likirudi kwa njia ile ile, nusu ya sekunde imekwisha kupita.

Nusu sekunde yaonekana si kitu. Lakini hapa ndipo neno mtiririko linapovunjika kabisa. Kompyuta inayotuma haimwagi pakiti zake na kwenda zake. Hutuma kiasi fulani, husimama, na kungoja hati ya kupokelewa kabla ya kuendelea. Kwa kanuni ya zamani kiasi hicho hakikuzidi baiti 65,535. Anayetuma baiti hizo na kungoja zaidi kidogo ya nusu sekunde hawezi kupitisha zaidi ya takribani megabiti moja kwa sekunde, hata akikodi njia yenye upana mara kumi ya huo. Mteja wa namna hiyo humlaumu mwenye kampuni kwa kumwuzia mto akampa kijito, ilhali muda wake unaishia katika kungoja risiti. Wahandisi walitafuta dawa, nayo ina utamu wa kifasihi: waliifundisha modemu kutoa hati ya kupokelewa papo hapo Goma kwa niaba ya kompyuta iliyoko mbali ambayo haijapokea lolote. Modemu huahidi, kisha hubeba dhamana ya kufikisha. Katika lugha ya biashara huyo ni wakala. Mto hauna wakala.

Jambo jingine linalofichwa ni zamu. Ofisi nyingi hutumia setilaiti moja na masafa yale yale, na kila modemu hupewa vipande vya muda vya kurushia, vinavyopimwa kwa maelfu ya sehemu za sekunde. Modemu ya Goma hurusha, hunyamaza ili nyingine irushe, kisha hurusha tena. Inabidi hata ikadirie umbali wake na setilaiti na kurusha mapema kwa kiasi hicho, ili kipande chake kifike wakati wa zamu yake na kisigongane na cha jirani.

Wazungumzaji wa kawaida, ambao hawakualikwa katika warsha za istilahi, wanasemaje? Goma, kama kwingineko Kongo, watu wamechukua neno la Kifaransa na kusema rezo, na malalamiko ya kila siku ni kwamba rezo haiko au rezo inakatika. Tanzania husemwa mtandao umekata. Kukatika ni tabia ya kamba na uzi, na Mswahili wa pande zote mbili za Ziwa Tanganyika ameliteua neno hilo bila kushauriana na mwenzake. Tanzania pia mtu hununua kifurushi cha data. Kupeleka faili ni kupakia na kuliteremsha ni kupakua, vitenzi vya bandarini na vya magari ya mizigo. Neno pakiti limetoholewa na kukaa vizuri. Kwa maneno mengine, taswira ya mzigo imekwisha kutanda katika lugha yote, na ni mtiririko peke yake unaotoka katika ukoo mwingine. Kutoka katika ukoo mwingine si kosa. Ila anayepakia vifurushi asubuhi na kuambiwa jioni kwamba vinatiririka ana haki ya kuuliza vimeyeyuka wapi.

Katika Goma taswira ya mzigo ina mizizi mirefu zaidi kuliko wengi wanavyokumbuka. Kiswahili hakikufika mashariki ya Kongo kwa mto. Kilifika kwa misafara ya wafanyabiashara wa pwani na Unyamwezi waliovuka Tanganyika katika karne ya 19, wakajenga vituo vyao Nyangwe na Kasongo, na kuacha nyuma yao lugha iliyoitwa Kingwana. Msafara ulikuwa na utaratibu ambao mhandisi wa modemu angeutambua. Bidhaa ziligawanywa katika mitumba ya uzito anaoumudu pagazi mmoja, kwa sababu njia haipitishi zaidi ya hapo. Kirangozi alitangulia, mizigo ilihesabiwa kambini, na iliyopungua iliulizwa. Na katika kila nchi mwenye nchi alidai hongo. Neno hilo leo lina maana ya rushwa tu, lakini wakati ule lilikuwa ushuru wa kupita, uliojulikana na kujadiliwa hadharani. Katika mawasiliano ya setilaiti hongo ya maana hiyo ya kwanza haijatoweka: ipo ada ya kila mwezi kwa mwenye setilaiti, na ipo leseni ya dola. Machi 2024 mamlaka ya Kongo ya udhibiti wa posta na mawasiliano ilitangaza kwamba matumizi ya Starlink nchini hayakuwa halali. Mei 2025 mamlaka hiyo hiyo ikaipa kampuni hiyo leseni. Katikati ya tarehe hizo, Januari 2025, Goma ilitekwa na M23. Setilaiti za Starlink ziko chini sana, yapata kilomita 550, na ucheleweshaji wake ni mdogo mno ukilinganishwa na wa zile za kilomita 35,786. Umbali umepunguzwa, mwenye nchi na mwenye njia wako pale pale.

Isidhaniwe kwamba msafara ni istilahi isiyo na ila. Kwanza, historia yake ina pembe za ndovu na minyororo, na hakuna sababu ya kuipaka asali. Pili, na hili ni zito zaidi kwa upande wa maana, pagazi akizama mtoni na mtumba wake, nguo zimepotea. Pakiti ikipotea hakuna kilichopotea, kwa kuwa mtumaji alibaki na nakala na ataituma tena. Data haiondoki inapotoka. Hata kupakia, ambalo makala haya yamelisifu, husema uongo katika hilo: jahazi likishapakiwa ghala hubaki tupu, lakini faili lililopakiwa hubaki lilipokuwa. Pengine picha iliyo karibu zaidi ni ya karani anayenakili barua, akipeleka nakala kwa vipande na kuhifadhi asili hadi aletewe saini. Lakini hakuna atakayekubali kusema ukarani wa data, na istilahi isiyosemeka si istilahi.

Kuna uwezekano wa kusema kwamba yote haya ni kuchambua nywele, na kwamba sitiari iliyokwisha kufa haimdhuru mtu. Kinachotokea Goma hakiungi mkono utetezi huo. Mji una kituo cha uangalizi wa volkano ambacho vipima-mtetemo vyake vimetawanywa katika eneo la Nyiragongo na Nyamulagira. Vipimo hivyo hufika mezani kwa mtaalamu kwa njia ile ile ya kukatwa, kufungwa, kurushwa na kufunguliwa, ziwe zimepita kwa redio, kwa minara ya simu au kwa setilaiti. Msaada wa Benki ya Dunia kwa kituo hicho ulikoma mwaka 2020. Baada ya mlipuko wa Mei 2021 ilielezwa katika vyombo vya habari kwamba kwa miezi kadhaa kituo kilikuwa kimekosa fedha za kulipia intaneti ya vipima-mtetemo vya mbali. Mlima ulikuwa mahali pake, vyombo vilikuwa mahali pake, lakini pakiti hazikufika.

Haki itendeke: utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mlipuko ule ulitoa dalili za mtetemo kwa muda usiofikia hata saa moja, na hivyo haifai kudai kwamba bili iliyolipwa ingewaokoa waliokufa. Hoja ya lugha ni nyingine. Anayeambiwa kwamba data hutiririka kutoka mlimani huiona kama chemchemi; ikikoma, hudhani ni majira ya kiangazi. Hamtafuti mtu. Anayeambiwa kwamba data hubebwa, na kwamba kila hatua ina mchukuzi, wakala, zamu na ada, atauliza mara moja mchukuzi gani hakulipwa na ni nani aliyepaswa kumlipa. Neno la kwanza linafaa kwa lava, ambayo kweli haina mwajiri. Kulitumia neno moja kwa vyote viwili katika mji mmoja ni kuuondoa uwajibikaji mahali pale pale unapohitajika, na kufanya hivyo kwa sauti tamu.

Mtafsiri wa miongozo ya mitambo, kwa hiyo, hana budi kutenganisha mambo ambayo neno moja limeyafunika. Pale panapozungumzwa pakiti kutoka kompyuta moja hadi nyingine, kupitishwa au kusafirishwa kunatosha na kunamwacha mpitishaji aonekane. Pale panapozungumzwa kazi ya ndani ya modemu, ni ugeuzaji, na ugeuzaji una hatua zinazotajika. Kutiririsha kunaweza kubaki kwa filamu, kwa kuwa huko kinachoelezwa ni hisia ya mtazamaji, na mtazamaji kweli huona mfululizo usiokatika, hadi mvua inyeshe.

Limebaki jina moja linalostahili kutajwa kwa sababu halikutoka warshani. Thuraya, kampuni ya simu za setilaiti iliyorusha setilaiti yake ya kwanza mwaka 2000, imechukua jina la Kiarabu la lile kundi la nyota ambalo Waswahili huliita Kilimia. Neno hilo hilo la Kiarabu lilikwisha kufika pwani zamani kwa umbo la thurea, taa kubwa ya kuning'inia yenye matawi. Wakulima waliitazama Kilimia ili kujua wakati wa kulima: nyota haikuwaletea kitu, walikuwa ni wao waliojifunza kuisoma. Fundi wa Goma anayeinamia modemu na kuhesabu taa zake za kijani, ipi ni ya kupokea, ipi ni ya kurusha, ipi imezimika tangu saa nane, anafanya kazi ya ukoo huo. Mwongozo alio nao mkononi umeandikwa kwa Kifaransa.